Kitanda ni Kitanda: Mbona Daraja la Kwanza Latoweka Angani?

Mabibi na mabwana, assalamu alaikum. Ahsanteni kwa kuja, hasa nyinyi wanafunzi wa utalii.

Mnalikumbuka gari moshi la usiku, Mombasa kwenda Nairobi, kabla ya Madaraka Express kuja mwaka 2017? Daraja la kwanza, chumba cha watu wawili. La pili, wanne. La tatu, unakesha kitini. Nawajua watu waliokuwa na nauli ya la kwanza mfukoni wakapanda la pili bila kinyongo, kwani huko nako walilala.

Hilo ndilo linalolimaliza daraja la kwanza angani. Katikati ya miaka ya 1990, British Airways iliwapa abiria wa daraja hilo viti vinavyokunjuka vikawa vitanda. Kufika mwaka 2000, vitanda hivyo viko daraja la biashara. Ikabaki faragha. Mwaka 2017 Qatar Airways ikatia milango kwenye viti vya biashara. Sasa mtu ana kitanda, ana mlango. Utamuuzia nini zaidi? Mlo? Kampuni inayomlipia meneja wake nauli ya biashara haioni sababu ya kuongeza.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo kazi yenu ilipo. Kinachouzwa ndani ya ndege ni sakafu, nayo haiongezeki. American Airlines ilikuwa na viti 8 vya daraja la kwanza na 52 vya biashara katika Boeing 777-300ER zake. Imeamua kuviondoa vile 8 na kufikisha vya biashara 70. Kiti cha daraja la kwanza kikiruka kitupu, au kikakaliwa na aliyepandishwa daraja kwa pointi alizojikusanyia kwa safari zake, sakafu yote ile imeliwa bure.

Wapo walioshikilia, kina Emirates na Air France. Wana wateja wao.

Na sisi je? Dreamliner, yaani ndege ya Boeing 787, ya Kenya Airways ina viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida, basi. Nasikia watu wakiona haya kwa hilo. Mimi naona ni busara. Kinachoniuma ni wale 204: Nairobi hadi New York, yapata saa 15, wamekaa wima. Hao ndio la tatu letu. Mwaka 2020 Air New Zealand ilitangaza vitanda vya kupandana kwa abiria wa kawaida, walale kwa zamu. Atakayeajiriwa kwenye shirika la ndege kati yenu, tafadhali, wazo hilo aingie nalo ofisini siku ya kwanza.