Kikao cha wazazi kisiwe cha kusomewa alama

Walimu wenzangu, karibuni.

Mzazi akipewa dakika 10 za kuonana na mwalimu, nusu huishia kwenye alama ambazo tayari anazo kwenye ripoti. Kisha anaambiwa, "Tafadhali msaidie mtoto nyumbani." Amsaidie nini, na vipi? Hilo haliambiwi, na ndilo lililomleta.

Maria Paredes, katika wilaya ya shule ya Creighton huko Phoenix, Marekani, alipanga vikao hivi upya: vitatu vya pamoja kwa mwaka, kila kimoja dakika 75, na kimoja cha faragha cha dakika 30. Kwenye kikao cha pamoja mzazi anaona darasa lilipo na mwanawe alipo, anaweka lengo la siku 60, kisha anajifunza zoezi la kulifikia.

Chukueni kusoma. Vifaa ni nakala mbili za hadithi fupi, penseli na saa. Mtoto anasoma dakika moja. Mzazi anapiga mstari chini ya kila neno lililokosewa, na muda ukiisha anatia alama ya mkwaju (/) alipoishia. Akifika neno la 58 na makosa 6, amesoma sawasawa maneno 52. Kesho hadithi ni ile ile. Wazazi wajaribu zoezi hili papo hapo kikaoni, wawili wawili, mmoja akijifanya mtoto. Muda ukibana, katisheni hotuba ya mkuu wa shule, si mazoezi haya. Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi: mtoto akimaliza, amsimulie alichosoma, naye amuulize kisa kilianzaje na kiliishaje.

Kuna mawili yanayoharibu. La kwanza ni grafu ya alama za darasa inayoonyeshwa kikaoni. Kuondoa majina hakutoshi. Darasa likiwa dogo, kila mtu anamjua aliye chini kabisa, na mzazi wake hatarudi tena. Hapo onyesheni wastani tu, na matokeo ya kila mtoto yawe kwenye bahasha ya mzazi wake. La pili ni kumfanya mtoto mkalimani wa mzazi wake. Ataruka yanayomuuma, na si haki kumtwika mzigo huo. Tafuteni mtu mzima.

Zile dakika 30 za faragha mwalimu asizianze kwa kuongea. Aulize: "Mwanao anapenda kufanya nini bila kusukumwa?" Anyamaze, aandike jibu, na lengo linalofuata lijengwe juu ya jibu hilo.