Ukitua La Paz, siku ya kwanza usijifanye mwamba

Haya jamani tukae, leo naongelea kitu kimoja tu, yale masaa ya kwanza ukishuka kwenye ndege La Paz, Bolivia. Uwanja wenyewe uko El Alto, mji wa jirani ulio juu ya La Paz, mita kama 4,060 juu ya usawa wa bahari, na ndo maana njia ya kurukia pale ni ndefu balaa, karibu kilomita 4, hewa ni nyepesi ndege lazima ikimbie sana ndo inyanyuke.

Utasikia watu wanasema kule oksijeni hakuna. Ipo bwana, ileile asilimia 21, kilichoshuka ni presha ya hewa, imebaki kama asilimia 60 ya ile ya pwani, kwahiyo kila ukivuta pumzi unaambulia kidogo.

Kinachoponza wengi ni kwamba ukitua unajisikia freshi kabisa, unabeba begi, unapanda ngazi, unapiga picha, afu masaa sita au zaidi baadae kichwa kinaanza kugonga na chakula hukitaki. Usiku sasa ndo kimbembe. Unahema harakaharaka, pumzi inakata sekunde kadhaa, unashtuka unatweta, na uliyelala nae chumba kimoja alishadhani ndo basi tena. Inatisha ila yenyewe peke yake siyo hatari, ukihema sana unatoa kaboni dayoksaidi nyingi mpaka ubongo unasema punguza, na figo zinahitaji siku kadhaa kuweka damu sawa. Dawa ya asetazolamaidi inazisaidia figo hapohapo, ila muulize daktari kabla hujasafiri siyo ukiwa hoi tayari. Chai ya koka watakupa hotelini, kunywa, lakini majani yake usivuke nayo mpaka, nchi nyingi ni kesi ya madawa ya kulevya.

Na usiseme mi nafanya mazoezi. Mwaka 2009 Argentina walipigwa 6-1 palepale La Paz, Messi yuko uwanjani, Maradona ndo kocha.

Mi ningelala Zona Sur, mitaa ya kusini mwa La Paz, iko chini kidogo na kuna joto, siku ya kwanza pombe hapana. Ila ukianza kupepesuka kama mlevi, au unatweta umekaa tu na kikohozi juu, hapo achana na chai, tafuta hospitali na ushuke, mji wa Santa Cruz hukohuko Bolivia uko mita 400 hivi tu na ndege ni kama saa moja.