Sifuri Ile Imfikie Nani?

Ndugu zangu wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, na ninyi vijana wa programu: wodini mnakujua, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo langu.

APCA, jumuiya ya tiba shufaa Afrika iliyoko Kampala, ina dodoso lenye swali hili: kwa siku 3 zilizopita, umekuwa na amani moyoni? Mgonjwa anaweza kujibu kwa mkono. Ngumi ni 0, yaani hakuna kabisa. Vidole vyote wazi ni 5. Swali zuri mno. Halimuulizi mtu anasali wapi, na hata asiyesali analo jibu.

Sasa tazameni tulivyolitia kwenye tableti. Nilikuwepo mzee mmoja alipoulizwa. Akatazama dari kitambo, akainua ngumi. Muuguzi akabofya 0. Kioo kikaandika “Imehifadhiwa”, kikaleta swali linalofuata. Imehifadhiwa kwa ajili ya nani? Angesema maumivu yamefika 5, programu ingewaka nyekundu na daktari angeitwa. Mtu hana amani hata chembe, mashine inasonga mbele! Nalisema hili kila ninapoitwa, na sichoki: ile 0 lazima ilie kwenye simu ya mtu. Mwenye zamu ajulikane, na asipopokea iende kwa mwingine.

Mtaniambia simu janja ni chache. Za nini? Padre ana kitochi, imamu ana kitochi, ujumbe mfupi unafika. Mwingine atasema akili mnemba izungumze na mgonjwa saa nane usiku, kwa kuwa hailali. Hailali, kweli. Lakini haitamshika mkono, wala haitakwenda kumbembeleza mwanawe ambaye hawajasemeshana tangu mazishi ya mama yake. Mara nyingi amani imekwama hapo hapo, na aya yoyote utakayomsomea haitafika.

Haraka haraka: msianze na orodha ya dini, anzeni na “ungependa nani aje?” Huenda akamtaka dada yake. Na ujumbe usitaje ugonjwa wala imani; kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 zote mbili ni taarifa nyeti. Andikeni wodi, kitanda, “anakuhitaji”, basi.

La wauguzi, ambao nao hawaulizwi kama wana amani, muda umeninyima. Wenye programu zenu hapa, tubaki tuzifungue pamoja.