Sahani ya Dada wa Gulu

HAJATI: Musa, imewaka? Kale. Wasikilizaji habari zenu, leo nilipanga niwape mambo matatu ya kuangalia kabla hujachukua msaidizi wa mtandaoni, nimeandika kabisa kwenye karatasi, lakini Jumanne yamenikuta.

MUSA: Si ndo siku ulinipigia, nikashindwa kujua unacheka ama unalia.

HAJATI: Vyote. Sasa mnajua duka langu la spea pale Kisekka, Kampala, ofisini wako watatu, na huu mwezi wa pili nina dada yuko Gulu anawasaidia kwa simu na kompyuta. Mteja akiuliza WhatsApp taa ya nyuma ya Premio bei gani, anajibu yeye, ankara za EFRIS, ule mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, anaziandaa yeye, keshia anakagua ndo zinaenda. Na ikifika tarehe 10 hatuachi tulale, PAYE ile kodi ya mishahara, NSSF ile akiba ya uzeeni, maana zote mwisho tarehe 15 na sisi zamani tulikuwa tunakumbuka tarehe 16.

MUSA: Na faini juu.

HAJATI: Faini na matusi. Basi Jumanne mama wa chakula kaniletea hesabu ya mwezi, sahani nne kila siku. Nikamwambia mama, watu wangu watatu. Akasema hapana Hajati, na ya yule wa Gulu.

MUSA: Banange!

HAJATI: Kumbe ile orodha ya wafanyakazi niliyobandika ukutani, mama kasoma majina manne, kaleta sahani nne. Miezi miwili! Posho, yaani ugali, na maharage ya mtu aliye zaidi ya kilomita 300!

MUSA: Ngoja ngoja. Nani anakula?

HAJATI: Keshia anasema muulize wa stoo, wa stoo anasema dereva, dereva anasema yeye alijua ni ya askari wa geti.

MUSA: Na askari?

HAJATI: Askari anafunga.

MUSA: Miezi miwili? Huyo askari mtakatifu! Na siku za samaki sahani inarudi na miba?

HAJATI: Inarudi imeoshwa, Musa. Imeoshwa!

MUSA: Huyo ana adabu, usimfukuze. Lakini Hajati, tuache utani, ukutani yumo, NSSF yake iko wapi? Ile asilimia 10 yako na 5 yake. Tangu sheria ibadilishwe 2022 hata mwenye mfanyakazi mmoja anachangia.

HAJATI: Yule si mfanyakazi. Ananiletea ankara mwisho wa mwezi, ana wateja wengine wawili, kompyuta yake, umeme wake.

MUSA: Saa za kazi anapanga nani?

HAJATI: Mimi, saa mbili mpaka saa saba, wateja wanauliza asubuhi.

MUSA: Akiugua anaomba ruhusa kwa nani?

HAJATI: Kwangu, sasa aombe kwa nani? Hata fundi bomba nampangia saa ya kuja, naye nimlipie NSSF?

MUSA: Fundi bomba umembandika ukutani?

HAJATI: Nitambandua huyo dada basi.

MUSA: Karatasi utabandua, kazi anayofanya je?

HAJATI: Mdogo wangu, we unalipwa mshahara, hujawahi kulipa mtu. Nikianza hivyo namwacha kabisa na wale watatu wanarudi kuzama kwenye makaratasi, nani kafaidika?

MUSA: Sikubali.

HAJATI: Na mimi sikubali.

MUSA: Haya.

HAJATI: Haya.

MUSA: ...Yeye mwenyewe ulimwambia habari ya sahani?

HAJATI: Nilirekodi sauti nimpelekee mume wangu, ikaenda kwenye grupu ya ofisi. Akajibu, "Hajati, kama ni yangu nitumiwe hela yake kwa simu, na ya kutolea."

MUSA: Unaona! Anajijua ni wa ofisini!

HAJATI: Anajua kudai, ni tofauti. Saa ngapi? Uwii, dakika moja, na karatasi yangu sijaigusa. La kwanza, PIN ya mobile money usimpe mtu, hata awe—

MUSA: Hata awe ameosha sahani.

HAJATI: Musa! La pili... betri hiyo, betri inakwi—