Alan Page alisoma sheria akiwa bado uwanjani

Haya jameni tuanze, najua wengine mmetoka shifti ya usiku na wengine mnaingia jioni hii. Leo ni ile ile habari yangu, na nitaisema mpaka siku mzazi wa mwisho atakapoacha kunishika mkono pale mlangoni akaniambia mwalimu, huyu wangu kitabu hapana lakini futiboli iko kwa damu.

Sisi wote hapa tunaishi Minnesota, wengi wetu Brooklyn Park, watoto wanavaa jezi ya zambarau ya Vikings, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, kutoka Septemba mpaka baridi iwafukuze ndani. Lakini nikiuliza nani alikuwa namba 88, kimya! Alan Page, mzaliwa wa Canton, Ohio, 1945. Sheria za mchezo sielezi, watoto watawaeleza mkifika nyumbani. Nataka tu muelewe kazi yake. Alikuwa mlinzi wa mstari wa mbele, katikati. Unainama, mkono mmoja kwenye nyasi, mbele yako jitu la kilo 110 na zaidi limeinama vile vile, na macho yako kwenye mpira kwa sababu huruhusiwi kuvuka kabla mpira haujaondoka. Ukiondoka mnagongana, wewe unataka kupita umfikie yule mrusha mpira, yeye kazi yake ni kukuzuia, halafu mnarudi mnainama tena, hivyo hivyo mpaka jioni. Page hakuwa mzito kushinda wenzake, alikuwa mwepesi kuondoka, mpira ukitikisika ameshapita. Mwaka 1971 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, NFL, mlinzi wa kwanza kabisa kupewa hiyo, na mpaka leo walinzi waliopewa ni wawili tu, yeye na Lawrence Taylor mwaka 1986. Ukipata picha yake ya miaka hii angalia kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kimepinda kimetoka nje upande peke yake, kilitegukateguka uwanjani mpaka kikakataa kurudi.

Sasa hapa tukae. Kuna kisa Page mwenyewe amekisimulia, cha wakati akiwa Vikings. Mitingi ya walinzi, kochi anawaambia fungueni kitabu cha mbinu, kila mtu asome kwa sauti. Zamu ikazunguka. Wengine wakasoma bila shida, wengine wakajikwaa kila mstari, na wengine hawakuweza kusoma. Sisemi walisoma polepole, nasema hawakuweza! Wanaume wazima, wanalipwa na timu kubwa ya Marekani, kitabu cha kazi yao kiko mkononi na hawawezi kukisoma.

Na hawa hawakutoka porini. Walipita shule ya msingi, wakapita hai skuli, wakakaa chuo kikuu, maana kwenye NFL ya wakati ule mlango ulikuwa chuo. Basi niambieni nani aliwapitisha. Mwalimu wa darasa la tatu aliona. Wa darasa la sita aliona pia. Kochi wa hai skuli alijua kabisa, lakini kijana ana mabega na Ijumaa kuna gemu, mpitishe. Chuo nao wakasema mpitishe, Jumamosi kuna gemu. Kila mtu alimpenda yule kijana mwaka mmoja mmoja, akachukua alichotaka kwake, akamsukuma mbele. Nikifika hapa hasira inanipanda na sijali mkiniona. Page alikaa kwenye kile kiti akafika mahali pamoja na mimi, kwamba mambo hayakuharibika chuoni, yaliharibika mtoto akiwa na miaka saba, minane, na hakuna mtu alisimama akasema huyu haendi popote mpaka asome.

Najua mama mmoja atasema, mwalimu, wangu anasoma, ana C. C ya nani? Leo usiku mpe ukurasa mmoja wa kitabu chochote, kaa naye, asome kwa sauti, wewe sikiliza. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuungaunga, utasikia mtu anayesoma na utasikia mtu anayebahatisha. Mimi nimefundisha watoto wa hapa miaka mingi, na nimewaona wakifika darasa la tisa wakibahatisha, na ripoti ya nyumbani iko safi.

Mwingine atasema Page alikuwa na kichwa chake, wachana naye. Hapana bwana. Mara ya kwanza alipojiunga na shule ya sheria aliacha baada ya wiki chache tu. Akarudi 1975, Chuo Kikuu cha Minnesota hapa hapa, akiwa bado anacheza, akamaliza 1978. Katikati ya hapo Vikings wamefika Super Bowl, fainali ya ligi, Januari 1977, wamechapwa na Oakland 32 kwa 14, na yeye yuko uwanjani na ni mwanafunzi wa sheria. Kwa hiyo ukiniambia kijana wako wa miaka 15 amechoka na mazoezi hawezi kufanya homuweki, mimi nakuuliza nani amechoka kuliko Page.

Na sikilizeni hii ya 1978, wazazi wa mambo ya hela. Page alianza kukimbia mbio ndefu na mkewe Diane, mama alikuwa anaacha sigara, na uzito wa Page ukashuka. Timu ikasema amekuwa mwepesi mno, ikamwachilia, Chicago Bears wakamchukua kwa dola 100. Mchezaji bora wa ligi nzima, dola 100! Lakini miezi michache kabla alishachukua digrii ya sheria, basi alienda Chicago kama mtu mwenye pengine pa kwenda, akacheza mpaka 1981, jumla gemu 218 mfululizo bila kukosa hata moja. Wangapi wanacheza miaka 15 kama yeye? Wengi hawamalizi minne.

Naona muda unakimbia, nitapita haraka. 1988 wakamwingiza kwenye Jumba la Heshima la futiboli, liko Canton kwao, na akiwa kijana alifanya kibarua kwenye ujenzi wa jumba lenyewe. Mtu wa kumtambulisha jukwaani hakumleta kochi, alimleta Willarene Beasley, mama aliyekuwa prinsipo wa shule hapa Minneapolis. Mwaka huo huo yeye na Diane wakaanzisha mfuko wa skolaship kwa vijana wa rangi hapa Minnesota, na sharti lake nalipenda sana, ukipewa hela lazima uende ukae na watoto wadogo wa shule uwasaidie. 1992 akagombea ujaji wa Mahakama ya Juu ya Minnesota, ilibidi ashtaki kwanza ndiyo uchaguzi ufanyike, akashinda, mtu mweusi wa kwanza kwenye ile mahakama, akakaa mpaka 2015 umri wa miaka 70 ulipomtoa kisheria. Kuna shule ya watoto Minneapolis ina jina lake.

Ya magoti na vichwa, watoto wanavyogongwa mpaka ubongo unaumia, nilikuwa nimeiandaa lakini leo haitoshi, nataka tuiongee peke yake na daktari akiwepo. Pale mezani nimeweka karatasi za kusoma, ukurasa mmoja mmoja, kwa darasa la kwanza mpaka la nane. Chukueni ya kila mtoto mliye naye, usimchukulie jirani, jirani aje mwenyewe. Maswali sasa. Mzee wa nyuma pale umeinua mkono muda mrefu, anza wewe.