Kaboni ya Gazi Huanzia Jikoni

Walimu wangu, wanafunzi, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimepewa mada mbili, kuondoa kaboni hewani na sera ya nishati. Nitazizungumzia kama mada moja, kwa kuwa popote nilipozikuta zilikuwa pamoja.

Twendeni Gazi, Kwale, pwani ya Kenya. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, wakishirikiana na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wanatunza hekta 117 za mikoko katika mradi wa Mikoko Pamoja. Hesabu yao ni kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Tani hizo huuzwa kwa wanaotaka kufidia kaboni wanayoitoa wao, na fedha zake zimesaidia maji na shule za vijiji hivyo.

Tani hizo hujulikanaje? Watafiti huingia msituni maji yakiwa yamekupwa. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, huzungushiwa kamba ya kupimia mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe una mizizi iliyotanda juu ya matope, kwa hiyo hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Kisha hukandamiza bomba matopeni na kulitoa limejaa udongo mweusi unaonuka yai viza. Harufu hiyo ni habari njema. Humo ndani hamna oksijeni, hivyo majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni yake hukaa chini karne na karne. Sehemu kubwa ya hazina ya msitu imo humo. Ukikata miti ukayaacha matope wazi, unaachilia na kile ambacho jicho halikukiona.

Sasa, nani aliukata msitu ule? Katika miaka ya 1970 ulifyekwa kwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Kuni, ndugu zangu. Hata leo anayeingia na shoka anatafuta boriti za nyumba au moto wa chungu. Wenye mradi walilielewa hilo, wakapanda mivinje nchi kavu ili watu wapate miti mingine ya kukata. Wageni hupiga picha mikoko, lakini kwangu mimi akili kubwa ya mradi ule iko kwenye mivinje.

Tazameni na gesi ya kupikia. Mwaka 2021 ilirudishiwa VAT ya asilimia 16, mwaka 2022 ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Ni uamuzi wa kodi uliofanyika Nairobi, ila athari yake hufika hadi ufuoni. Mama asiyemudu kujaza mtungi hurudi kwenye kuni, na wa pwani kuni zilizo karibu naye ni za mikoko.

Huko bara nako, Gilgil, kampuni ya Octavia Carbon inashughulika na mashine za kunasa kaboni moja kwa moja hewani. Kazi hiyo ni ngumu: katika chembe 10,000 za hewa, za kaboni dioksidi ni kama 4 tu. Kichujio cha kemikali kikishashiba, lazima kipashwe joto kiiachie gesi, na joto hilo ndilo linalokula fedha. Aisilandi wanatumia nishati ya jotoardhi ya kituo cha Hellisheiði, kisha gesi huyeyushwa majini na kushushwa kwenye mawe ya volkeno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha zaidi ya asilimia 95 iligeuka kuwa madini ndani ya miaka 2.

Bonde la Ufa lina mawe ya volkeno, na Olkaria, penye mitambo ya umeme wa jotoardhi, ina mvuke ambao usiku, mahitaji ya umeme yakipungua, sehemu yake huachwa upotee. Mvuke huo ukitumika kunasa kaboni, naunga mkono kwa moyo wote. Lakini mashine zikianza kugombea umeme na vijiji ambavyo bado havijafikiwa na nyaya, nitapinga, hata tani zikiwa nyingi kiasi gani. Anayenunua tani hizo yuko mbali na ana umeme wake tayari.

Sheria ya Nishati ya 2019 inazitaka kaunti ziandae mipango yao ya nishati. Ombi langu ni hili: Kwale inapoandika wake, wanaopima matope ya Gazi wawe mezani pamoja na wanaopanga habari za gesi, makaa na majiko, na ukurasa wa kuni uandikwe kabla ya ukurasa wa kaboni.