Leven: Bildi, Homa na Bendera Juu ya Ngome ya Mombasa

Wazee wetu, walimu wangu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa zipo ngazi zinazoteremka hadi majini, na wenyeji huziita Leven. Wengi wetu tumezikanyaga tangu utotoni bila kuuliza jina hilo limetoka wapi. Ni jina la chombo, nami nimeomba nafasi hii nikisimulie, kwa sababu chombo hicho kilikuja kupima bahari na badala yake kikajikuta kinapima nani awe mtawala wa mji.

Leven ilikuwa manowari ya matanga yenye mizinga 20, iliyoshushwa majini Ipswich, Uingereza, mwaka 1813, vita vya Napoleon vilipokuwa ukingoni. Vita vilipokwisha, Waingereza walikuwa wameshika Rasi ya Tumaini Jema na Mauritius, merikebu zao zikipita kwenda India na kurudi, lakini ramani walizokuwa nazo za pwani ya mashariki ya Afrika zilikuwa za zamani na zenye makosa mengi. Mwaka 1822 Nahodha William Fitzwilliam Owen, aliyekuwa amekwisha kupima maziwa makuu ya Kanada, aliondoka kwao akiwa na Leven na merikebu nyingine ndogo, Barracouta, kwa amri ya kuchora pwani hiyo upya.

Naomba tuitazame kazi yenyewe, maana watu husema "walichora ramani" kana kwamba mtu aliketi mezani na kalamu. Kazi ilianza na bildi. Baharia alisimama ubavuni mwa mashua, akarusha kipande kizito cha madini ya risasi kilichofungwa kamba, akasubiri mpaka iguse chini, kisha akasoma kina kwa alama zilizofungwa kambani: vipande viwili vya ngozi kwenye pima ya pili (pima moja ni futi sita), vitatu kwenye ya tatu, kitambaa cheupe kwenye ya tano, chekundu kwenye ya saba, ili hata usiku wa giza aweze kuzitambua kwa mkono au kwa mdomo. Chini ya kipande kile palikuwa na tundu lililojazwa shahamu, na bildi ilipopandishwa ilikuja na mchanga, matope au vipande vya chaza, na nahodha akajua nanga itashika au haitashika. Wakati huohuo ofisa mwingine alipima pembe kutoka rasi hadi kisiwa, na saa maalumu za baharini zikatunzwa kama mboni ya jicho, kwani ndizo zilizowaambia wako umbali gani mashariki. Mashua ilisogea kidogo, bildi ikatupwa tena. Fanyeni hivyo kutwa nzima, juani, miaka minne.

Mashua ziliingia pia katika midomo ya mito na ndani ya mikoko, na hapo ndipo mauti yalipokuwa. Homa ilianza kuwapukutisha Ghuba ya Delagoa, inayoitwa leo Ghuba ya Maputo, mwaka uleule wa 1822. Mwaka uliofuata, katika safari ya kupanda Zambezi, John Forbes, mtaalamu wa mimea aliyesafiri nao, alifia Sena. Zaidi ya nusu ya watu waliotoka na Owen hawakurudi. Madaktari wa wakati ule waliamini kwamba homa hutokana na hewa mbaya ya vinamasi, na mbu hakushtakiwa mpaka miaka ya mwisho ya karne hiyo. Kwa hiyo kila namba ndogo ya kina iliyoandikwa kwenye karatasi zile ina gharama yake, na mimi siwezi kuitazama ramani ya aina hiyo bila kuwafikiria vijana waliokuwa wakitupa bildi.

Sasa tufike Mombasa. Mji ulikuwa mikononi mwa ukoo wa Mazrui, liwali wao akiwa Sulaiman bin Ali, na Seyyid Said wa Muscat, mtawala wa Oman, alikuwa ameuzingira kwa majahazi yake. Barracouta ilipopita mwishoni mwa mwaka 1823, Mazrui waliomba ulinzi wa Uingereza, na nahodha wake, Vidal, akakataa. Leven ilipotia nanga Februari 1824, Owen aliikuta bendera ya Kiingereza imekwisha kupepea juu ya ngome, imeshonwa na wenyeji wenyewe. Hilo nalirudia kila nipatapo nafasi, kwa kuwa tumezoea kusimuliwa kwamba bendera zote zililetwa na wageni. Mazrui walijua wanachokitafuta: ngao dhidi ya Said, na Pemba irudi mikononi mwao.

Owen alikuwa mtu mwenye chuki ya dhati dhidi ya biashara ya utumwa, naye akakubali bila idhini ya serikali yake. Masharti yalikuwa kwamba utawala ubaki kwa Mazrui, mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu, na biashara ya watumwa ikomeshwe Mombasa. Kisha akatweka tanga kwenda kuendelea na vipimo vyake, akimwacha luteni wake, John James Reitz, na watu wachache mno. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa lisilo na udhuru: uliahidi mji mzima ulinzi, ukauachia kijana mmoja. Reitz alikwenda upande wa Pangani, akashikwa na homa, na Mei 1824 akafariki.

Luteni James Emery akaja kushika nafasi hiyo mwaka uleule. Lakini London ilimhitaji Seyyid Said kuliko ilivyowahitaji Mazrui, kwani mwaka 1822 ndiye aliyetia sahihi mkataba wa kupunguza biashara ya watumwa. Julai 1826 bendera ikateremshwa na Waingereza wakaondoka. Said alirudi, na mwaka 1837 ngome ikawa yake kabisa. Wakubwa wa Mazrui walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi.

Owen alifika kwao na ramani mpya zipatazo 300. Majina mengi ndani yake, Lamu, Pate, Kilwa, hayakuzaliwa chomboni. Yaliulizwa kwa watu wa pwani, lakini waliojibu hawakuandikwa. Leven yenyewe ilivunjwa mwaka 1848 ikawa mbao. Reitz, aliyekaa Mombasa kwa muda usiozidi miezi minne, jina lake liko juu ya hori lote la magharibi mwa kisiwa, na kila alfajiri makondakta wa matatu hulipaza barabarani: "Port Reitz! Port Reitz!"